Jiwe la Siku ya Kassiani

Kwetu, mtu akimezwa na shimo na mwili wake usionekane, tunazika jiwe. Si jiwe lolote. Ni lile lililotoka katika shimo lake, siku yake, kabla udongo haujamfunika. Kaburi linachimbwa kama makaburi mengine, linafunikwa mkeka, na jiwe linasubiriwa. Wakati linasubiriwa hakuna kinachosogea katika nyumba ya marehemu. Mjane hatoki uani. Jembe haliguswi. Mtoto akizaliwa hapewi jina, kwa sababu hatuwezi kumkaribisha anayeingia kabla hatujamaliza kumsindikiza anayetoka.

Mjukuu wangu Kassiani alimezwa na shimo Jumanne asubuhi. Mkewe alijifungua Ijumaa. Alikuwa mtoto wa kike, mwenye nywele nyingi na masikio ya baba yake, na hakuwa na jina. Tulimwita huyu. Huyu amelala. Huyu ana njaa. Mpeni Bibi huyu amshike. Nilimshika. Alikuwa mzito kuliko watoto wengine, au labda kitu kisicho na jina huelemea mkono zaidi kwa sababu huwezi kukiambia tulia. Alinitazama kama mtu aliyesimama mlangoni, anasubiri kuambiwa apite. Nikamrudisha kwa mama yake, nikachukua khanga yangu, nikaenda kulitafuta jiwe la siku ya Kassiani.

Kwanza nilimwendea Hokororo, mwenzake wa shimoni. Kassiani alikuwa chini akijaza ndoo, Hokororo alikuwa juu akivuta kamba na kuchekecha udongo. Kazi yao ilikuwa hivyo miaka sita. Nilimkuta amekaa kwenye lundo la kokoto, miguu imejaa tope lililokauka, na kitu cheupe kimekunjwa juu ya mapaja yake.

"Lilitoka jiwe siku ile?" nikamwuliza.

"Lilitoka, Bibi. Safaya. Saizi ya haragwe."

"Lina rangi gani?"

"Halikuwa na rangi ya maana. Limefifia kama maji ya kuoshea mchele. Lakini nililiinua juani nikaona ndani nyuzi tatu, nyembamba, zimekatana. Nikamwita Kassiani apande aone. Akanijibu kutoka chini, 'Subiri nimalize ndoo hii.'"

Tukakaa tukamsikiliza Kassiani akimalizia ndoo ile.

"Sasa jiwe liko wapi, mwanangu?"

Hokororo aliinamisha kichwa. "Nimeliuza, Bibi. Siku ile ile. Nilisema ndugu yangu hawezi kwenda bila sanda. Nikaliuza, nikanunua sanda."

"Sanda ya kumvika nani?"

Akaitazama sanda. Ndipo alipoelewa. Alikuwa mtu wa kijiji hiki, aliyezika wazee wake na mtoto wake mmoja, na mikono yake ilijua kwamba mtu akifa hutafutwa sanda. Mikono ilikwenda yenyewe. Hakuna aliyekuwa karibu kumwambia kwamba safari hii jiwe ndilo maiti, na maiti ameuzwa ili apate nguo.

Sikumgombeza. Niliishika sanda, nikaikunjua upande mmoja. Ilikuwa nzito, yenye harufu ya dukani. Alikuwa amechagua iliyo nzuri.

"Umefanya vizuri," nikamwambia, kwa sababu alikuwa amefanya vizuri.

"Ukitaka kulifuata, Bibi, njia ni moja," akasema huku akijifuta pua. "Linapita nyumba nne. Nyumba ya kuchambua, nyumba ya moto, nyumba ya kukata, nyumba ya kuuza. Huwezi kupotea."

Na kweli sikupotea. Hilo ndilo ninaloliwaza zaidi ya mengine. Sikupotea hata mara moja.

Njia ile ni nyeupe na haina kivuli. Siku zake hazina mchana wala jioni, zina mwanga mmoja tu unaosimama. Nilitembea sijui saa ngapi. Nilikuwa nimezoea kutembea nikihesabu maumivu: goti la kushoto, kiuno, kisigino. Nikafika mahali nikaona nimebakiwa na kisigino. Mbele kidogo nikakikosa na chenyewe. Nilifurahi kama mjinga. Sikujua kwamba njia ile inamchukulia kila anayeipita miaka yake, kwanza ile inayouma, ili aitoe bila ubishi.

Nyumba ya kuchambua ina madirisha makubwa na meza ndefu zilizotandikwa vitambaa vyeupe. Wanawake wamekaa mezani, kila mmoja na kibanio cha chuma mkononi, wanachukua jiwe, wanaliinua kwenye mwanga, wanalishusha. Lililo safi upande huu. Lililopasuka upande ule. Lenye ukungu katikati, kwenye sinia ya bati. Hawakosei, na hawaachi kuongea.

"Karibu, Bibi! Umekuja kutafuta mume? Humu hatuna hata wa dawa."

"Mume ninaye," nikasema. "Nimemlea mwenyewe, nimemwogesha mwenyewe, nimemfundisha kula."

Wakacheka mpaka vibanio vikagongana. Wote walikuwa na bibi zao, walijua mume wa bibi ni nani.

"Na huyo mume yuko wapi, anakuachia utembee peke yako juani?"

"Yuko chini ya shimo."

Kicheko kilikatika. Mkubwa wao, Theofila, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, aliinuka akaja kunishika mkono. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kutazama mwanga maisha yake yote. Alinikalisha mezani kwake, akaita waniletee uji.

"Nimekuja kuuliza jambo, mama," nikasema.

"Utauliza. Kunywa kwanza. Nani anamhoji mgeni tumbo tupu?"

Uji ulikuwa wa ulezi, una ndimu, una moto wa kuchoma ulimi. Haukunywewa haraka. Nilipuliza, nikanywa, nikapuliza. Theofila alikaa kando yangu akinipepea kwa kipande cha boksi ili uji upoe na mimi nipoe. Ni miaka mingi hakuna aliyenipepea. Nilikunywa mpaka chini, nikalamba kijiko, kwa sababu kuacha uji wa mtu kama yule kungekuwa ni kumtukana. Kisha nikasema: natafuta jiwe la ukungu, saizi ya haragwe, lina nyuzi tatu ndani.

Theofila aliacha kupepea.

"Lenye nyuzi zimekatana?"

"Hilo."

"Lilikuwa hapa. Kwenye sinia, hapo karibu na kikombe chako. Wamekuja kuchukua sinia sasa hivi wakati unakunywa. Limekwenda kwenye moto."

Nilikitazama kikombe. Lilikuwa karibu nami kiasi hicho. Kiwiko changu kingeweza kuligusa.

"Mbona hukuuliza, Bibi?"

"Nilikuwa nakunywa."

"Kweli," akasema, na machozi yakamlenga. "Ulikuwa unakunywa."

Nimeishi miaka mingi, na maswali mengi niliyokuwa nayo ujanani yameniacha yenyewe, yamechoka kunisubiri. Njiani kutoka nyumba ile likanijia jipya, na halijaniacha. Nilikuwa nimetoka nyumbani nikijua kwamba mbele yangu yupo mtu mbaya. Lazima awepo. Kassiani amekufa, jiwe lake limeuzwa, mtoto wake hana jina: mambo kama haya hayajifanyi. Mahali fulani katika njia hii amekaa mtu mwenye moyo mgumu, na nitakapomfikia nitamjua, nami nitasema naye. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Lakini Hokororo alinunua sanda nzito. Theofila alinipepea. Je, kama mbele ni hivyo hivyo? Je, kama ukibomoa ukuta mzima wa dhiki, tofali moja moja, ukaligeuza kila tofali, utakuta chini ya kila moja mkono wa mtu uliokuwa unajaribu kusaidia? Basi ukuta umejengwa na nani? Na mtu afanye nini na hasira yake, ailaze wapi, ikiwa kila mlango anaobisha unafunguliwa na mtu anayemwambia karibu?

Mnyonge akiwa na adui, ana kitu. Mimi nilikuwa naogopa kwamba sina.

Nyumba ya moto niliisikia kabla ya kuiona, kwa kikohozi. Ni kibanda cha matofali meusi, katikati pana tanuri la mkaa, na juu ya mkaa kimekaa chungu kidogo cha udongo kilichofunikwa na kuzibwa. Mwenye moto alikuwa Lukanga, mtu mrefu mwenye kifua kilichoingia ndani kama bati lililokanyagwa. Alikuwa na mrija wa chuma mdomoni, anaupulizia mkaa. Anapuliza, anakohoa, anapuliza.

Nyumba hiyo ina desturi yake. Huulizi neno mpaka uupe moto pumzi tatu. Ndiyo salamu. Atakayeongea kabla ya kupuliza ameuletea moto baridi ya nje, na kazi ya siku nzima inaharibika. Hilo nilikuwa nalijua tangu utotoni, hata kwetu wahunzi walikuwa hivyo. Kwa hiyo nilipoingia sikusema neno. Nilipiga magoti, nikaupokea mrija, nikatoa pumzi tatu.

Zilikuwa pumzi nzuri. Kifua changu kilikuwa kimejaa kama cha mwanamke wa miaka arobaini. Makaa yaligeuka kutoka mekundu yakawa meupe. Lukanga alinitazama kwa mshangao, na katika mapumziko yale mafupi nikamwona jinsi alivyochoka. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Alikuwa ameuegemea ukuta, amefumba macho, kama mtu aliyepewa usingizi wa kijiko kimoja.

Ningeweza kuuliza wakati ule. Salamu ilikuwa imeshatimia.

"Kaa, baba," nikamwambia. "Pumzika kidogo. Nitakushikia."

"Moto bado mkubwa unatakiwa, Mama. Usiache ukashuka."

"Hautashuka."

Nilipuliza. Alilala pale pale alipokaa, mdomo wazi, akikoroma kama mtoto mwenye mafua. Kila nilipotaka kumwamsha nilisema, mwache, bado kidogo. Nilipuliza mpaka chungu kikawa na rangi ya jua usiloweza kulitazama. Sijawahi kufanya kazi kwa bidii kama ile, hata nilipokuwa na mashamba mawili. Nilikuwa na furaha. Nitasema ukweli: kwa muda ule nilimsahau Kassiani, nikaufikiria moto tu.

Alipoamka alikuwa na sauti mpya. Alinishukuru mara tatu. Akasema tangu amekabidhiwa moto ule hakuna mtu aliyewahi kumwambia kaa.

"Sasa uliza, Mama. Uliza chochote."

"Natafuta jiwe la ukungu, lina nyuzi tatu."

Aligeuza shingo polepole akakitazama chungu. Nami nikakitazama.

"Humo," akasema. "Mlikuwa na mawe saba, ya mashimo saba yaliyomeza watu. Yote ya ukungu. Moja lilikuwa na nyuzi tatu, niliweka mwenyewe."

Tulingoja kipoe. Alikivunja kizibo kwa nyundo ndogo, akayamwaga mawe juu ya bati. Yalikuwa saba, na yote yalikuwa buluu. Buluu ya kukufanya ushike kifua. Ukungu umeondoka, maji ya mchele yameondoka, kila jiwe limekuwa kama jicho lililofunguka. Niliyachukua moja moja nikayapeleka mlangoni penye mwanga. Yalikuwa safi, hayana kitu ndani, kama nyumba iliyohamwa.

"Nyuzi ziko wapi?"

"Ndiyo kazi ya moto, Mama. Nyuzi zinayeyuka, zinaingia mwilini mwa jiwe. Ndizo zinazokuwa buluu. Jiwe lisilo na nyuzi ukilichoma halitoi rangi."

"Kwa hiyo hazijapotea."

"Hazijapotea. Zimo zote." Alikohoa. "Huwezi kuziona tu."

Nikakaa chini. Pumzi yangu. Hakuna mwingine aliyepuliza wakati ule. Ile alama pekee ambayo ningemtambulia nimeifuta kwa kifua changu mwenyewe, kwa huruma, nikiwa nimepiga magoti, nikiwa na furaha. Lukanga alichuchumaa mbele yangu, mikono yake mikubwa haijui iende wapi.

"Yangekuwa yangu ningekupa yote saba. Ungeyazika yote, mmojawapo angekuwa wako."

"Na wale sita?"

"Wangekuwa wamezikwa na wao," akasema.

Lilikuwa wazo jema, labda ndilo wazo jema kuliko yote niliyoyasikia katika safari ile. Lakini mawe hayakuwa yake. Watu wa kukata walikuwa wameshafika mlangoni na kijaluba.

Nikayafuata.

Ninajaribu kukumbuka sehemu hii ya njia kwa mpangilio na inaniponyoka. Nilikuwa nakwenda mbio, nakumbuka hivyo, mbio za msichana anayetumwa dukani. Vitu vilikuwa vinaanguka kutoka kwangu bila kishindo. Sura ya mume wangu kitandani siku alipokufa. Mahali nilipoficha mbegu. Mama yake Kassiani, binti yangu, nilikuwa na binti, alikuwa anaimba akichota maji, wimbo gani? Nilisimama njiani nikajishika kichwa kama mtu anayezuia paa lisiondoke na upepo. Nikaanza kusema kwa sauti: Kassiani. Subiri nimalize ndoo hii. Masikio makubwa. Huyu ana njaa. Kassiani. Nilisema hivyo kila hatua. Nilielewa sasa kwamba mimi na jiwe tunapita nyumba zile zile, kwa kazi ile ile. Tunasafishwa. Kila mahali tunapopita tunatoka wazuri zaidi na tumebeba kidogo zaidi. Tukifika mwisho tutang'aa, na hakuna atakayeweza kutuuliza tumetoka wapi.

Katika nyumba ya kukata alikuwapo Halfani peke yake, mwanamume wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mawe aliyagandisha kwa nta, kila moja kwenye ncha ya kijiti, kisha akayasogeza kwenye gurudumu la shaba linalozunguka na mafuta. Gurudumu linalia kwa sauti nyembamba. Jiwe linapata uso mmoja, linageuzwa, linapata wa pili.

"Karibu, dada," akasema bila kuinua kichwa. "Samahani sikupi mkono, una mafuta."

Dada. Nilijitazama vidole. Vilikuwa laini.

Nilimweleza yote, haraka haraka, kabla sijayasahau. Alizima gurudumu ili anisikilize. Wengine wote walinisikiliza wakiendelea na kazi, yeye alizima. Nilipomaliza alitoa miwani.

"Dada yangu, yalikuja saba. Manne yamepasuka kwenye gurudumu. Yakitoka motoni yanakuwa na hasira, mengine hayavumilii."

"Lake lilikuwa katika manne au katika matatu?"

"Sijui. Kwangu yanafika hayana kwao."

Alinionyesha matatu yaliyobaki. Kila moja lilikuwa limebaki nusu ya lilivyokuwa.

"Nusu nyingine imekwenda wapi?"

Akaonyesha beseni chini ya gurudumu. Ndani yake mlikuwa na tope la kijivu, jepesi, kama lile lililokuwa limekaukia miguu ya Hokororo. "Huwa namwaga nyuma ya nyumba," akasema. Kisha, kwa kuona uso wangu, akaongeza, "Leo sitamwaga. Nitaliacha hapa mpaka uondoke."

Watu wa kuuza waliingia wakayabeba yale matatu kwa sonara. Halfani alinifungulia mlango wa uani, njia ya mkato, ili niifikie nyumba ya kuuza kabla ya giza, ingawa kule hakuna giza.

Nyumba ya kuuza ina sakafu inayoonyesha uso wako na kuta zinazoonyesha uso wako. Niliingia nikamkuta msichana amesimama ananikabili, nywele amesuka mistari sita, shingo ndefu, macho hayajawahi kuzika mtu. Nikamsogea nimsalimie, naye akasogea. Ndipo nikajua. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Hakuna Kassiani katika miaka kumi na saba. Hakuna mama yake Kassiani. Hakuna hata yule mwanamume ambaye atakuja kuwa babu yake. Nilikuwa sina mtu wa kumlilia duniani, na bado nilikuwa nalia.

"Mdogo wangu, nani kakuliza?" Muuzaji alikuja mbio kutoka nyuma ya kabati la kioo. Aliitwa Shamsa, jina lilikuwa kifuani mwake kwenye kibao. Alinifuta uso kwa kiganja chake chenye harufu ya udi.

Nilimwambia. Nilimwambia kwa vipande vilivyobaki: shimo, ndoo, nyuzi, mtoto. Alilia na mimi. Kisha alikwenda kufunga pazia, akaleta kitambaa cheusi, akaweka juu yake pete tatu. Sonara alikuwa ameshayavika mawe dhahabu. Katika nyumba ile hawayaiti tena safaya. Wanayaita yakuti.

"Ni haya?"

"Moja lake. Kama halikupasuka."

"Lipi?"

Niliinama. Nilizitazama kwa jicho moja, nikazitazama kwa mawili. Niliweka kila moja sikioni. Niliweka kila moja ulimini. Nililiambia kila moja, Kassiani, nikangoja. Mbele ya la kwanza moyo wangu uliruka. Mbele ya la pili moyo wangu uliruka. Na mbele ya la tatu.

"Chukua mojawapo," Shamsa akaninong'oneza. "Nitalitoa kwenye pete, nitasema liling'oka likapotea. Nitalipa mwenyewe pole pole."

"Kwa nini unifanyie hivyo?"

"Mtoto akae bila jina, mimi nikijua?"

"Na haya mawili yatakayobaki?"

"Moja lina bibi harusi wake, wanakuja kulichukua. Moja lipo tu."

"Tuko saba," nikasema. "Mashimo saba. Kuna makaburi saba yamefunikwa mkeka."

"Najua, mdogo wangu. Wengine huwa wanafika. Lakini wewe umefika leo."

Ndipo nilipokuwa peke yangu kuliko nilivyokuwa mahali popote. Kama jiwe lake ni tope katika beseni la Halfani, basi lolote nitakalochukua hapa ni la mtu mwingine, na mama wa mtu huyo atakuja, hatalikuta mezani, atarudi kwenye kaburi lililo wazi. Na kama lake ni mojawapo ya haya, nikakosea, nitamzika mtoto wa watu kwa jina la wangu, na wangu atacheza harusini kwenye kidole cha mtu asiyemjua. Ningeweza kuziacha zote tatu. Ningeweza kusema, asante, dada, nitarudi mikono mitupu, na huyu ataendelea kuitwa huyu, na atakua, na ataitwa shambani na kisimani, we huyu njoo, na siku moja atanitazama kwa macho yale ya mtu aliyesimama mlangoni.

Shamsa alisubiri. Hakunihimiza. Alikuwa ameshika koleo dogo la kung'olea, tayari.

Nilikuwa nimemtafuta mtu mbaya katika njia yote ile, na nyumba zilikuwa zimekwisha. Hapakuwa na mlango mwingine wa kubisha. Palikuwa na meza, na wanawake wawili wema, na vioo. Niliinua macho nikamwona msichana wa mistari sita ananitazama kutoka kila ukuta, ametulia, ameshaamua.

Nikachukua lililokuwa karibu na mkono wangu.

Shamsa alilitoa kwenye dhahabu, akalifunga katika karatasi laini, akaifumbata ngumi yangu juu yake kwa mikono yake miwili. Akarudi kabatini kupanga vitu vyake. Nilikwenda mlangoni, na kabla sijaushika, mlango ukafunguliwa kutoka nje.

Alikuwa mwanamke mzee. Sijui aliwezaje kuja njia yote ile na miaka yake yote mgongoni, labda aliikatalia. Miguu yake ilikuwa nyeupe kwa vumbi mpaka magotini. Alikuwa ameushika mlango kwa mikono miwili ili asianguke.

"Shikamoo, Bibi," nikasema.

"Marahaba, binti yangu. Ndiyo nyumba ya mwisho hii?"

"Ndiyo yenyewe."

"Nashukuru Mungu." Alihema kidogo. "Natafuta jiwe, mwanangu. La marehemu. Lilikuwa na doa jeupe ubavuni, dogo, kama ukucha wa mtoto mchanga. Hujaliona?"

Karatasi ilikuwa imeanza kulowa jasho ndani ya ngumi yangu.

"Sijaliona, Bibi," nikasema. Na ulikuwa ukweli, baada ya moto hakuna mtu angeweza tena kuliona doa lile.

Alitikisa kichwa, hakuonyesha kukata tamaa, alikuwa amezoea kuambiwa hivyo. Nilimpokea kifurushi chake. Nikamshika kiwiko, nikamwingiza taratibu asiteleze kwenye ile sakafu, nikamtafutia kiti kilichoelekea upande usio na kioo. Nikamwambia akae kwanza, apumzishe miguu, ataletewa maji, asiwe na haraka ya kuuliza.

"Mungu akubariki," akasema. "Umelelewa vizuri."

Nikatoka nje, nikaufunga mlango polepole, nisije nikamshtua.